Tangi Kwanza, Dawa Baadaye: Niliyojifunza kwa Kuwauguza Vyura wa Mitini

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya msaidizi wa daktari wa wanyama katika kliniki moja jijini Columbus, jimbo la Ohio, na sehemu ya kazi hiyo ambayo ndugu zangu wa Morogoro hawajaizoea mpaka leo ni kwamba tunatibu vyura. Mama alipopata habari hizo aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, wenye vyura hao wanalipa?" Wanalipa, tena mara nyingi gharama ya matibabu huzidi mbali bei waliyomnunulia mnyama mwenyewe. Wengi wanaoletwa kwetu ni vyura wa mitini wanaoitwa vyura wa White, ambao asili yao ni kaskazini na mashariki mwa Australia na kusini mwa New Guinea. Ni wanyama wanene na wapole, wa rangi ya kijani au ya kijani iliyochanganyika na buluu, wenye urefu wa takribani sentimita 10, na wakitunzwa vizuri huishi miaka 15 au zaidi. Huletwa pia vyura wenye macho mekundu wa Amerika ya Kati, vyura wa kijani wa kusini mwa Marekani, na mara chache vyura wadogo wa matete waliotoka Afrika Mashariki.

Kazi hii imenionyesha kwamba ugonjwa wa chura anayefugwa ndani ya nyumba, hata ule unaosababishwa na vijidudu, kwa kawaida hupata mlango kupitia tangi anamoishi. Ndiyo maana daktari ninayemsaidia haanzi kwa kumshika mgonjwa. Huanza kwa kumuuliza mwenye chura joto la tangi mchana na usiku, unyevu wa hewa yake, maji yanatoka wapi, taa ilinunuliwa lini, na wadudu wanaoliwa wamelishwa nini. Wapo wateja wanaokereka na maswali hayo, kwa sababu wamekuja kutafuta dawa, lakini nimeona mara nyingi kwamba jibu la tatizo limeshapatikana kabla hata kasha la chura halijafunguliwa.

Sababu yake ni ngozi. Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyanyonya kupitia ngozi ya tumbo na ya chini ya mapaja anapokaa mahali penye unyevu. Sehemu ya hewa anayoivuta hupita kwenye ngozi hiyohiyo, na chumvi za mwili wake hupokelewa na kuzuiliwa hapo. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya maji, juu ya kioo au kwenye viganja vya mwenye nyumba, huingia mwilini mwake bila kupingwa: klorini ya bombani, mabaki ya sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa ya mbu. Klorini ya kawaida huondoka maji yakiachwa wazi kwa siku nzima, lakini miji mingi ya Marekani hutia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa wazi, na inabidi maji yatiwe dawa ya kuiondoa, inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena nayo hayafai kuwa maji pekee ya kuogea, maana hayana chumvi yoyote. Sisi wenyewe humshika chura kwa glavu zisizo na unga, zilizoloweshwa kwanza.

Tabu ya pili ni kwamba chura huficha ugonjwa. Mchana hulala bila kutikisika hata akiwa mzima wa afya, na mwenye kumfuga huzoea kumwona amejikunyata pembeni. Dalili za kweli huonekana usiku, na kwa sababu hiyo tunawahimiza watu wamtazame chura wao taa za chumbani zikishazimwa: je, anapanda, au amebaki chini? Anapomrukia mdudu, anampata? Chura wa mitini anayelala sakafuni mwa tangi usiku baada ya usiku anatoa taarifa nzito kuliko yule aliyekataa chakula mara moja. Wateja ninaowasifu zaidi ni wale walionunua mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu, wakampima chura kila wiki ndani ya bakuli la plastiki na kuandika. Uzito ukishuka mara tatu mfululizo huwa umetutangulia kuona ugonjwa, na ukipanda ghafla bila chakula kuongezwa huenda ni maji yanayojaa mwilini kwa sababu figo au moyo umeshindwa.

Tatizo tunaloliona kuliko mengine yote ni la mifupa. Nyenje, ambao ndio chakula cha kawaida cha vyura hawa, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kadhaa, ilhali mwili wa chura unahitaji kinyume chake, yaani kalsiamu kiasi cha mara moja na nusu hadi mbili ya fosforasi. Upungufu huo ukiendelea, na vitamini D3 isipokuwepo ya kuusaidia utumbo kuinyonya ile kalsiamu kidogo iliyopo, mwili huanza kuitoa kalsiamu mifupani ili misuli na moyo viendelee kufanya kazi. Mara nyingi mwenye chura haoni lolote mpaka taya la chini linapolegea na kubonyea kama raba likiguswa kwa kidole. Baada ya hapo vidole hucheza vyenyewe, miguu ya nyuma hupinda, mgongo hupata kibyongo, na mnyama aliyekuwa akipanda kioo hushindwa hata kushika tawi. Katika picha ya eksirei mifupa huonekana hafifu, ukungu mtupu mahali palipopaswa kuwa na mstari mweupe.

Matibabu yapo: kalsiamu ya maji, vitamini D3 kwa kipimo cha daktari, na kasha fupi lisilo na matawi ili asianguke. Mitetemo ya vidole ikitulia, mteja hufurahi akidhani kazi imekwisha, lakini mfupa uliopinda ukikauka katika hali hiyo haunyooki tena. Nimewaona vyura waliopona kabisa kwa vipimo vyote na wakabaki na taya la upande kwa maisha yao yote, wakilishwa kwa kibano.

Kinga yake ni rahisi kuieleza na watu huikosea kwa namna zilezile. Nyenje hutikiswa ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa, lakini mdudu hujisafisha, na asipoliwa mapema unga wote huishia sakafuni. Nyenje mwenyewe anapaswa kulishwa majani mabichi na chakula kizuri kwa siku moja au mbili kabla, maana mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Kopo la vitamini likishafunguliwa hupungua nguvu, kwa hiyo lile lililokaa kabatini tangu mwaka juzi ni la kutupa. Na taa ya mionzi ya urujuanimno, ile iliyoandikwa UVB, huendelea kung'aa vizuri machoni petu hata pale mionzi yenyewe inapokuwa imekwisha. Taa nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mionzi hiyo haipenyi kioo, na wavu wenye matundu madogo huikata sana, hivyo taa iliyowekwa nje ya ukuta wa tangi haisaidii chochote. Wafugaji hubishana kama mnyama wa usiku anaihitaji taa hiyo hata kidogo. Mimi nimeshawishika kwamba taa ya nguvu ndogo, pamoja na majani mengi ya kujificha ili chura achague mwenyewe, ni salama kuliko kutegemea unga peke yake.

Upungufu mwingine wa lishe huja na malalamiko ya ajabu: "Chura wangu amekuwa kipofu, analenga wadudu na kuwakosa." Tukimpa mdudu mbele yetu tunaona kwamba analenga sawasawa, ulimi unamgusa mdudu, lakini haumnasi. Hii ni dalili ya upungufu wa vitamini A. Vitamini hiyo ikikosekana, tabaka laini la ulimi linalotoa ute hugeuka kuwa gumu na kavu, na ulimi usio na ute haunati. Macho nayo huvimba kope, na vijidudu hupata njia ya kuingia. Inaelekea vyura wengi hawaimudu vizuri kazi ya kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, kwa hiyo tunawashauri watu wasome kopo na kuhakikisha lina vitamini A yenyewe, si malighafi yake tu. Hata hivyo kuizidisha ni hatari, kwani vitamini A ikizidi huiingilia kazi ya vitamini D na kuturudisha kwenye mifupa.

Kwa vyura wa White hasa, unene ni ugonjwa unaochekewa. Mikunjo ya mafuta juu ya masikio huteremka mpaka kufunika ngoma ya sikio, uso ukapata tabasamu la uzee, na picha zake hupendwa sana. Chura mzima wa aina hii anatosheka kula mara mbili au tatu kwa wiki, lakini ni mlafi wa asili, na mwenye nyumba hufurahia kumlisha kila jioni, tena kwa funza wa nta wenye mafuta au vitoto vya panya. Matokeo yake tunayaona kwenye ini, na wakati mwingine kwenye macho, hasa ya majike: weupe unaotanda juu ya jicho, ambao mwenye chura hudhani ni mtoto wa jicho, kumbe ni mafuta yaliyojikusanya kwenye kioo cha mbele cha jicho. Weupe huo ukishaingia hauondoki kwa urahisi. Kubadilisha lishe huweza kuuchelewesha, na chura huendelea kuishi akiona nusu.

Nikija kwenye maradhi ya vijidudu, ndipo tangi linapoonekana wazi zaidi kuwa chanzo. Majira ya baridi ya Ohio ni makali, nyumba hupashwa moto usiku na mchana, na hewa ya ndani hukauka kiasi kwamba chura hupoteza maji. Mwenye kumfuga huamua kufunika wavu wote wa juu kwa plastiki ili unyevu usitoke, na hapo hewa hukwama, maji hutuama, kinyesi huoza, na joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 20 kinga ya mwili wa chura hulegea. Kila mwaka, kuanzia Januari, tunaanza kupokea vyura wenye wekundu chini ya mapaja na tumboni. Hali hiyo hujulikana kwa jina la mguu mwekundu, ingawa kwa hakika si ugonjwa wa mguu: ni bakteria walioingia kwenye damu, mara nyingi Aeromonas hydrophila na jamaa zake, ambao huishi ndani ya maji siku zote bila kumdhuru chura mwenye nguvu. Ni kweli kwamba ngozi inaweza kuwa nyekundu kwa sababu nyepesi zaidi, kama vile kujikwaruza, na daktari hutofautisha kwa kuangalia kama mnyama amelegea, amevimba au ana vidonda. Ikithibitika, chura hupewa antibiotiki, mara nyingi kwa kudondoshewa matone mgongoni, maana ngozi yake huipokea dawa kama inavyopokea uchafu. Lakini akirudishwa kwenye tangi lilelile atarudi kwetu. Wakati wa matibabu hukaa kwenye kasha tupu lenye taulo za karatasi zilizoloweshwa, zinazobadilishwa kila siku, katika joto la nyuzi 24 hadi 28. Antibiotiki za samaki zinazotiwa kwa kukisia ndani ya maji zimetuletea wagonjwa wengi walioharibika figo kuliko waliopona.

Uchafu wenyewe, hata bila bakteria kuingia kwenye damu, unatosha kuua. Amonia inayotokana na mkojo na kinyesi hunyonywa na ngozi ya tumbo, na chura hukutwa amenyoosha miguu ya nyuma, akitetemeka, akishindwa kujigeuza. Hapo msaada wa kwanza ni kumhamishia kwenye maji safi yaliyotolewa klorini, yenye kina kidogo, na kuyabadilisha mara kwa mara huku safari ya kliniki ikiandaliwa.

Sakafu ya tangi nayo ina habari zake. Chura wa White humrukia mdudu kwa mdomo wote na kuzoa kila kilicho karibu. Kokoto na nyuzinyuzi za makumbi ya nazi huenda tumboni, zikajikusanya, na baada ya muda mnyama huacha kula na kukosa choo. Akijikakamua sana, au misuli ikiwa imelegea kwa kukosa kalsiamu, sehemu ya utumbo hutokeza nje kwenye tundu la nyuma. Hali hiyo ni ya dharura. Nyama iliyotoka inatakiwa ibaki na unyevu, isivutwe, na chura afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo kabla haijakauka. Mimi ni wa upande wa taulo za karatasi au mawe makubwa yasiyomezeka, ingawa wanaopenda tangi lifanane na msitu huniona sina ladha.

Ugonjwa unaotutia hofu kuliko mingine ni ule wa kuvu wa ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, aliyepewa jina hilo na wanasayansi mwaka 1999. Kuvu huyu hukaa ndani ya tabaka la juu la ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa kwa vyura hawahawa wa White, ulionyesha namna anavyoua: ngozi hushindwa kuingiza chumvi, sodiamu na potasiamu hupungua kwenye damu, na moyo husimama. Mwenye chura huona ngozi ikibanduka mara nyingi kuliko kawaida, mnyama akikaa miguu imetawanyika mchana kweupe, na akipinduliwa hajigeuzi upesi. Kipimo chake ni kusugua ngozi ya tumbo na vidole kwa pamba ya kijiti na kuipeleka maabara. Dawa inayotumika sana ni itrakonazoli kwa kuogesha. Utaratibu wa zamani ulikuwa dakika 5 kila siku kwa siku 11, na baadaye zikatumika nguvu ndogo zaidi kwa sababu dawa hiyo huweza kuwadhuru vyura wadogo. Maji ya tangi la mgonjwa hayamwagwi bustanini. Hutiwa dawa ya kuua vijidudu kwanza, maana vyura wa porini wa Ohio hawana kosa.

Kwa mtu wa Morogoro kuvu huyu si mgeni. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga, alikuwa akiishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa pekee. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000 maji ya korongoni yalipungua sana, vyura wapatao 500 wakaletwa Marekani mwaka huohuo, na mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaanguka kwa wingi huku kuvu akigunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Waliookoka walikuzwa katika bustani za wanyama za Bronx, New York, na za Toledo, mji ulio humuhumu Ohio, na mwaka 2010 wengine wakarudishwa Dar es Salaam. Chura wa Kihansi si wa mitini wala si wa kufugwa nyumbani, lakini waliomtunza ugenini walilazimika kujifunza upya mambo yaleyale tunayomuuliza mteja: mwanga, rasharasha ya maji, joto na lishe.

Minyoo huja hasa na vyura waliokamatwa porini. Australia haiuzi wanyama wake nje kibiashara, kwa hiyo chura wa White anayeuzwa Marekani ama amezaliwa kwenye tangi ama amekamatwa upande wa Indonesia, na huyu wa pili huja amechoka, amekonda, na amebeba minyoo ya utumbo na ya mapafu. Vyura wa matete kutoka Tanzania walikuwa katika kundi hilohilo mpaka serikali iliposimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Minyoo michache si shida porini. Ndani ya tangi mayai hurudi kwa chura yuleyule kila siku mpaka yamzidi. Ndiyo sababu ya kumtenga mgeni kwa siku 60 au zaidi katika chumba kingine, na vyombo vyake mwenyewe, na kinyesi chake kupimwa kwa hadubini walau mara mbili, kwa kuwa mayai hayatoki kila siku. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito wa gramu, na hapo mizani ya jikoni hurudi kazini.

Anayemleta chura kliniki atuletee pia vitu vingine. Kinyesi kibichi ndani ya kimfuko kilichofungwa kina thamani kubwa, ilimradi hakijakauka. Picha za tangi zima, za taa na maandishi yake, za kipimajoto na kipimaunyevu, na za makopo ya unga hutuokolea nusu saa ya maswali. Chura asafirishwe kwenye kasha dogo la plastiki lenye matundu na taulo ya karatasi yenye maji yaliyotolewa klorini, bila bakuli linaloweza kumwangukia, na wakati wa baridi kasha liwekwe ndani ya boksi la kuhifadhi joto badala ya kiti kilicho mbele ya feni ya gari. Watoto wanaopenda kumshika waoshe mikono kwa sabuni baada ya hapo, kwani hata chura mwenye afya huweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha mtu, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.